Mwenyewe Ni Nani? Neno kwa Wachimbuaji wa Masalia ya Vita

Imekuwa desturi, hasa katika nchi za Ulaya, kwamba watu wapendao historia hutoka siku za mapumziko na mashine za kutambua chuma, wakazunguka katika mashamba na misitu ambamo zamani majeshi yalipigana. Huchimbua maganda ya risasi, vifungo vya shaba, vijiko, beji za kofia, na mara mojamoja kibati cha shingoni kilichogongwa namba na jina la askari. Aliyekipata kibati hicho hatulii mpaka amjue mwenyewe. Huandika barua kwa ofisi za nyaraka, hupekua orodha za nishani, huuliza makanisani na vijijini, na mwisho humkabidhi mjukuu kitu kilichokuwa shingoni mwa babu yake siku alipoanguka.

Hatuna ugomvi na wema huo. Kumrudishia mtu cha kwao ni jambo la utu, na wafu wana haki juu ya walio hai. Ugomvi wetu ni juu ya jinsi desturi hii inavyoingia katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki na Kati pamoja na kipimo chake, nasi tukakipokea bila kukihoji. Kipimo chenyewe ni hiki: mwenye kitu ni yule ambaye jina lake limegongwa kwenye chuma. Asiyeandikwa kwenye chuma hana la kurudishiwa, wala hana wa kumtafuta. Sisi walimu wa Kiswahili tulio katika nchi jirani na uwanja ule wa vita twasema kipimo hicho ni cha dhuluma, na kwamba kazi ya kumtafuta mwenyewe haijaanza hata kidogo mpaka kipimo hicho kitupwe.

Kwanza tutazame jinsi wenzetu wanavyofanya. Mwaka 1914 askari wa Uingereza alivaa kibati kimoja. Tangu mwaka 1916 alipewa viwili, ili akifa kimoja kichukuliwe kwa ajili ya daftari na kingine kibaki na mwili. Nishani zake za vita zilichongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Akipotea asionekane, jina lake liliandikwa ukutani: pale Thiepval nchini Ufaransa yako majina zaidi ya 72,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana, na katika lango la Menin mjini Ypres yako zaidi ya 54,000. Huko Ujerumani iko ofisi mjini Berlin, ambayo tangu mwaka 2019 imeunganishwa na hifadhi ya nyaraka ya taifa, na mpaka leo hujibu maswali ya watu wanaotafuta ndugu zao waliokuwa askari. Basi anayechimbua kibati katika tope la Ufaransa ana nyuma yake nyumba kubwa ya karatasi. Si kwamba ana bidii kuliko sisi; ni kwamba serikali yake iliamua tangu mwanzo kuwa kila mmoja wa watu wake ana jina.

Sasa tuje kwetu. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilipita kutoka mto Kagera hadi Taveta, vikashuka Rufiji na Ruvuma, vikaingia Msumbiji, vikaishia karibu na mto Chambeshi katika nchi iitwayo leo Zambia, ambako habari za kusimamishwa kwa mapigano zilimfikia Lettow-Vorbeck mwezi Novemba 1918. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalivuka Rwanda na Burundi, yakauteka mji wa Tabora tarehe 19 Septemba. Katika vita hivyo lori lilikuwa haba, na farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kuwa kama milioni moja, na Wabelgiji waliwachukua wapatao 260,000 kutoka Kongo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 hivi, nao mpagazi mwenyewe alihitaji kula karibu kilo moja kila siku; ikiwa chakula kimetoka mbali, wabebaji walikimaliza njiani kabla hakijamfikia askari. Ndipo posho ikapunguzwa, na aliyepunguziwa kwanza alikuwa yeye mbebaji. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi na unga usioiva tumboni. Hesabu rasmi ya Waingereza ilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa idadi ya kweli ilikaribia laki moja au kuipita.

Basi mchimbuaji akipiga jembe Salaita, karibu na Taveta, ambako wavamizi wa kilima kile walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916, naye akatoa kopo la nyama lililoshika kutu, sanduku la risasi au kigae cha chupa, atasema: hiki ni cha Waingereza, kile ni cha Wajerumani. Twauliza, kilifikaje pale? Hakuna kilichotembea chenyewe. Lugha yetu, kwa hekima yake, hutofautisha mwenye mzigo na mchukuzi wa mzigo. Lakini lugha hiyohiyo yasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji wa mizigo ile hakupona. Sanduku lile lina muhuri wa kiwanda cha Ulaya, ni kweli. Jasho lililolifikisha kilimani halina muhuri. Atakayelirudisha sanduku kwa mwenye muhuri, akamsahau mwenye jasho, amefanya nusu ya kazi na kujisifia kazi nzima.

Wapo watakaotujibu kwamba tunadai lisilowezekana. Watasema: wapagazi hawakuandikwa, kwa hiyo hawatafutiki. Jibu hili tumelisikia katika semina, tumelisoma katika vitabu, na kwa bahati mbaya tumelisikia hata kutoka vinywani mwa walimu wenzetu. Nalo si kweli.

Kikosi cha Wapagazi kilichoundwa na Waingereza mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins kiliwaandikisha watu wake kwa namba, na kilitumia alama za vidole ili mmoja asipokee mshahara wa mwingine. Waliokufa waliacha mishahara isiyochukuliwa, na fedha hizo zilizua mabishano ya miaka mingi baina ya maofisa wa Nairobi na London. Penye mshahara pana orodha, na penye orodha pana jina. Tena tukumbuke kipande. Sheria yake Kenya ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Mwanamume mzima wa Kiafrika akalazimika kutembea na karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Serikali iliyoweza kumtafuta kijana aliyetoroka shamba la mlowezi, ikampata na kumfunga, ilishindwaje kuandika jina la baba yake aliyefia Rufiji? Haikushindwa, ilikataa.

Na kwamba ilikataa si uzushi wetu. Mwezi Aprili 2021 kamati maalumu ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, ama hawakukumbukwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Taarifa hiyo inaonyesha jinsi maofisa wa miaka ya mwanzo ya 1920 walivyoandikiana kwamba wenyeji wa huku hawajastaarabika kiasi cha kujali alama juu ya kaburi, na kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudiwe na msitu. Mahali pao pakawekwa sanamu. Ile ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927, nayo ya Nairobi mwaka 1928, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Tunazienzi sanamu hizo, na ya Nairobi inamwonyesha mpagazi pamoja na askari. Lakini ukizizunguka zote mbili hutaona jina la mtu hata mmoja. Kiswahili kilitumiwa kuwashukuru wote kwa jumla ili asitajwe yeyote.

Wapingaji wetu huongeza: hata kama orodha zilikuwapo, nyingi zimepotea. Nasi twawakumbusha kwamba mwezi Septemba 1940 ndege za Wajerumani ziliiteketeza ghala ya nyaraka mjini London, na zaidi ya nusu ya majalada ya askari Waingereza wa vita vya kwanza yakaungua. Je, wajukuu wao waliambiwa basi, babu zenu hawatafutiki? La hasha. Watafiti waligeukia orodha za nishani, daftari za pensheni, magazeti ya wilaya na minara ya vijiji, wakaziba pengo. Kilichoungua kwa Mwingereza kilihesabiwa kuwa hasara ya kufidiwa. Kilichopotea kwa mpagazi chahesabiwa kuwa udhuru.

Na pale watu walipotaka kweli, majina yameonekana. Mwezi Januari 2025 mjini Cape Town lilizinduliwa kumbukumbu la vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita vile, nguzo za mti zikiwa zimeandikwa majina zaidi ya 1,700, mtu mmoja nguzo moja. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu hao nao walisemwa kuwa hawana majina.

Tuje kwa kundi la pili, nalo ni la nyumbani kwetu. Hawa hawatafuti mwenyewe, wanatafuta mali. Katika vijiji vingi vya Tanzania, na hata ng'ambo ya mipaka yake, inaaminiwa kwamba Mjerumani alipokimbia alizika dhahabu, na kwamba msalaba au mshale uliochongwa juu ya jiwe ni alama ya hazina. Misingi ya boma imefukuliwa, mibuyu imechimbwa mizizi, makaburi yamevunjwa. Kisa cha imani hiyo si kigumu kueleweka. Mwaka 1916, Wajerumani walipokwisha kukatiwa njia ya bahari, walifua fedha zao wenyewe katika karakana ya reli mjini Tabora: sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na heller za shaba. Sarafu hizo zilikuwa za kulipia vita. Nani basi atakayeamini kwamba jeshi lililokosa viatu na dawa lilikuwa na dhahabu ya kuzika katika kila kilima? Mjerumani hakutuachia hazina. Alichoacha ardhini ni makaburi, na pamoja nayo makombora ambayo hayakulipuka. Na kombora la zamani likigongwa kwa sururu halitazami kwamba vita vilikwisha mwaka 1918.

Kati ya makundi haya mawili yuko mnunuzi. Yeye hupita akinunua vifungo, beji na nishani kwa bei ya kilo ya sukari, kisha kitu hicho huonekana ng'ambo kikiuzwa kwa bei ya ng'ombe. Hapo hasara huwa mbili. Ya kwanza ni kijiji kudhulumiwa fedha. Ya pili ndiyo kubwa: kitu kikiisha kung'olewa mahali pake bila kuandikwa kilipatikana wapi, kwa kina gani na pamoja na nini, kimenyamaza. Kifungo kilicholala kando ya mifupa kinaweza kutuambia kuwa hapa palikuwa na kambi ya wagonjwa. Kifungo hichohicho kikiwa ndani ya bahasha ya mnunuzi hakisemi lolote zaidi ya bei yake.

Husimuliwa kisa kimoja ambacho walimu wengi mtakuwa mmekisikia. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari Waafrika waliotumikia jeshi la Mjerumani mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita. Yasemekana wazee mia tatu na ushei walifika Mwanza, lakini wachache mno walikuwa na cheti. Mwingine alileta koti lililochakaa. Mwenye fedha akaona njia moja tu: alimpa kila mzee ufagio aushike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wanaosimulia husema hakuna mzee aliyekosea. Watu hukicheka kisa hiki, nasi hatuoni cha kuchekesha. Twakitaja kwa sababu kinathibitisha hoja yetu: karatasi ilipokosekana, ushahidi ulitafutwa katika mwili na katika lugha, nao ukapatikana. Lakini twauliza tena: mpagazi naye, ambaye hakufundishwa gwaride, angepewa nini mkononi ili athibitishe? Hakuna aliyemwita Mwanza.

Hapo ndipo penye kazi yetu sisi walimu wa Kiswahili, na twaomba isidhaniwe kuwa ni kazi ya walimu wa historia pekee. Vita vile vilisemwa kwa Kiswahili. Mpagazi wa Buganda, wa Kigezi, wa Rwanda au wa Maniema aliamriwa, aliugua na aliomba maji kwa Kiswahili, hata kama alikijifunzia njiani. Maneno yaliyozaliwa humo ni masalia vilevile, nayo hayashiki kutu. Neno Kariakoo, ambalo wanafunzi wetu hudhani ni jina la soko tu, ni jina la Kikosi cha Wapagazi kama lilivyotamkwa na watu wake; Dar es Salaam na Nairobi zote mbili zina mtaa wenye jina hilo. Neno keya linatokana na herufi za kikosi cha askari wa Kiingereza. Mwalimu anayelifundisha neno Kariakoo bila kueleza lilikotoka amelifukia tena kaburi ambalo lugha ilikuwa imelifukua.

Zaidi ya hayo, orodha zilizobaki haziwezi kusomwa vizuri bila sisi. Karani aliyeandika majina ya wapagazi aliandika alichokisikia. Kalema akawa Karema, kwa kuwa katika lugha zetu nyingi l na r hubadilishana nafasi kwa kanuni ambazo karani hakuzijua. Penye jina la baba aliandika jina la chifu. Penye kijiji aliandika wilaya. Na penye jina la mtu pengine aliandika jina la utani la kambini. Mtafiti wa London atalitazama jina hilo na kusema halisomeki. Mwalimu aliyezaliwa katika lugha ile atalisoma mara moja, na ataweza kusema ni la ukoo gani na la upande gani wa mto. Hii ni elimu isiyopatikana kwa mashine ya kutambua chuma.

Mwanafunzi wetu mmoja alileta darasani ganda la risasi alilolipata shambani. Mkubwa mmoja wa shule aliamuru litupwe, akisema ni takataka za wakoloni. Tulimwomba kijana amuulize bibi yake. Akarudi na habari kwamba kaka wa babu yake mzaa babu alichukuliwa na watu wa chifu, akaenda Kariakoo, hakurudi. Na kwamba mpaka leo katika ukoo ule huwekwa jina lake kila anapozaliwa mtoto wa kiume wa kwanza. Tazameni basi. Serikali haikuandika jina, kaburi halina jiwe, lakini jina lipo, linaitwa kila asubuhi uani. Nani basi asemaye hatafutiki?

Kwa hiyo twatoa rai kwa wanachama wote, na twaomba ipingwe kwa hoja kama yupo awezaye kuipinga.

Moja, mwalimu asichimbe wala asimwachie mwanafunzi achimbe. Kila nchi yetu ina idara ya mambo ya kale au makumbusho. Kitu kikionekana, kiachwe mahali pake, mahali paandikwe, idara iarifiwe. Kikiwa na umbo la kombora, watu wakae mbali na polisi waitwe.

Mbili, mwalimu akutane na wazee wa kata yake, aandike majina ya waliokwenda wasirudi: jina la mtu, la baba, la ukoo, la kijiji, na maneno waliyoyatumia wazee kukieleza kisa, bila kuyasanifisha. Daftari moja libaki shuleni na nakala ipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya nchi.

Tatu, mgeni akija na mashine yake na nia yake njema ya kumtafuta mwenye kibati, apokewe kwa heshima, aonyeshwe njia ya idara, kisha aambiwe hivi: tutakusaidia kumtafuta wako, nawe utusaidie kuwatafuta wetu, orodha za mishahara ziko katika nyaraka za kwenu, tuleteeni nakala zake.

Tukikubali vinginevyo, tutakuwa tumekubali kwamba babu zetu walifaa kubeba chuma lakini hawakufaa kuandikwa juu yake. Chuma kitaoza. Wazee wanaoyajua majina nao wanaondoka mmoja mmoja, na daftari ya shule bado haijaandikwa.